Laurenti, Kamba na Mama Mkwe

Watu wa ng'ambo ya Ziwa Kitangiri wanasimulia kwamba shemeji yangu Laurenti alimpiga mama mkwe wake kwa kamba. Uongo. Alipiga kilemba tu. Mimi ni mjane wa kaka yake mkubwa, nimesoma, nimefundisha, na nilikuwa chomboni. Naandika ilivyokuwa.

Laurenti Msengi alikulia machungani kama wanaume wote wa kwetu, akaenda Mwanza kutafuta maisha, akarudi na ujuzi wa tanga na nywele chache. Akaunda mashua, na tanga akalishona kwa turubai la kuanikia alizeti. Ubavuni akaandika HUKOO WA MSENGI. Nilimwamuru aikwangue ile H kabla mashua haijagusa maji. Jina letu halitatembea ziwani na makosa ya darasa la pili.

Anaifunga kwenye ghuba tulivu, chini ya kilima chenye magofu ya kale. Wazee wetu hudai kuta zile alizijenga babu yetu. Ukoo wa jirani nao hudai ni babu yao. Wanaozitumia ni mbuzi, na hawajadai lolote.

Siku ya posa ya binti yake Evodia, Laurenti alishikilia kwamba wakwe waje kwa tanga. Nikaenda naye kumchukua Mzee Anselm, baba wa kijana aliyeposa, na Editha, dada wa mzee huyo. Tulivuka vizuri. Kilichobaki kilikuwa kufunga mashua bila aibu, wageni washuke wakavu, posa izungumzwe. Tukiharibu hapo, Evodia angerudishiwa salamu tupu.

Kwa kawaida Laurenti hurusha kamba, na Calist, jirani yetu, huidaka na kuizungushia kwenye jiwe. Lakini Calist alikuwa amepanda magofuni, nyuma ya ukuta, kwa haja ambayo hata ukoo bora unayo. Ufukweni alisimama mtu mmoja tu: Bibi Scola, mama mkwe wa Laurenti.

Kwetu mwanamume hamkabili mama mkwe. Humpisha njia, na hampi kitu mkono kwa mkono. Laurenti alipomwona aligeuza uso, akageuza na usukani, tukaizunguka ghuba upya.

"Mbona tunarudi kwetu?" aliuliza Mzee Anselm.

"Tunawaonyesha magofu," nilisema.

Tukayaonyesha mara ya pili. Editha akasema magofu ameyaona, na miamba pia ameiona, kwa karibu mno.

"Shemeji, tupa kamba!" nikamnong'oneza Laurenti.

"Nimtupie mama mkwe kamba? Kwani yeye ndama?"

Nikairusha mimi. Upepo, usio na adabu, ukanirudishia miguuni.

Hapo Bibi Scola akatugeuzia mgongo, akamkabili mbuzi aliyekuwa akitafuna karibu naye. "Wewe mbuzi! Mwambie mwenye chombo atupe kamba. Akiwazamisha wakwe wa mjukuu wangu, nitamtazama usoni mbele za watu!"

Laurenti akaiokota kamba miguuni pangu. "Mbuzi, mwambie mama naomba radhi," alisema, akafumba macho, akarusha.

Kamba ilipita juu ya mbuzi, ikang'oa kilemba cha Bibi Scola, kikaenda kuelea majini. Bibi, mvi zote nje, akaishika kamba, akaifunga kwenye jiwe kwa fundo la kufungia fahali, akaondoka bila kugeuka, akimlaani mbuzi.

Calist akatokea kilimani akifunga mkanda. "Ee, mmeshafika?"

Wageni walishuka wakavu. Laurenti alibaki mashuani, amejifunika tanga kichwani, akisubiri kusikia kama amemharibia binti yake bahati. Mzee Anselm aliketi chini akacheka mpaka Editha akampigapiga mgongo.

"Mwalimu," hatimaye akaniambia, "mfunue huyo mtu. Nyumba inayomwogopa mkwe kiasi hiki, binti yake tunamchukua. Lakini siku ya harusi tutazunguka kwa miguu."