Gia za Somo Mwanaharusi

Mimi hasira zangu haziishi upesi, na hili la gia za Somo Mwanaharusi halijaniisha hata leo.

Mwanaharusi ni jirani yangu hapa Kaole. Ni somo, na kazi yake ni kuwasinga maharusi. Singo, ile ya kusugulia mwili wa bibi harusi, anaitwanga mwenyewe, anaichanganya na maji ya waridi, anaifunga nyuma ya baiskeli na kuipeleka kwa bibi harusi, hata akiwa Kiwangwa. Bodaboda hataki kuisikia, maana singo yake hufika nusu imemwagika. Na goti lake la kulia ni bovu tangu alipoteleza kisimani.

Kwa hiyo baiskeli aliichagua kwa makini kuliko wengine wanavyochagua mume. Alizunguka mjini kwenye baiskeli za mitumba, akazipanda moja moja. Alitaka yenye gia nyepesi, ili penye mlima miguu izunguke upesi bila kukandamiza. Alitaka pedeli pana za mpira, unyayo ukae wote, kwa kuwa anavaa makubadhi. Pedeli nyembamba humchoma, mguu ukapinda, maumivu yakapanda gotini. Akaipata. Akaenda nayo Kiwangwa na kurudi, anaimba.

Juzijuzi tairi likapata pancha, akaiacha kwa fundi Sufiani. Tulipokwenda kuichukua tukakuta gia zote zimevuliwa, imebaki moja tu, nzito, ya kubebea magunia ya mkaa. Pedeli nazo zimebadilishwa, vimewekwa vichuma vyembamba vyenye meno.

"Shikamoo, somo," Sufiani akasema, meno yote nje.

"Marahaba. Gia zangu ziko wapi?"

"Nimekupunguzia maradhi. Chumvi ya bahari hapa inazila gia zile. Tena mwanamke na gia, wapi na wapi?"

Ndivyo walivyo mafundi wetu. Baiskeli ya mtumba ikiingia kibandani, gia nje, kama vile wanaparua samaki.

"Nani kakwambia uzitoe?"

"Nilimpigia simu mzee Mwinshehe. Kasema sawa."

Mwinshehe ni mumewe. Jamani! Baiskeli ya mke, goti la mke, ruhusa ya mume! Nilitamani kumzaba Sufiani kibao palepale.

"Basi zirudishe."

"Wiki ijayo, somo. Sasa nina kazi za watu."

Za watu! Na bibi harusi wa Kiwangwa alikuwa anamngoja kesho yake asubuhi. Mwanaharusi akaenda hivyo hivyo. Mlima wa kwanza goti likaanza kuuma, wa pili likavimba, njia iliyobaki akaikokota baiskeli. Alipofika jua lilikuwa limeshapanda, na mama wa bibi harusi alikuwa ameshamwita somo mwingine. Akarudi na singo yake yote.

Jioni nilimkuta barazani amenyoosha mguu, analia kwa hasira. Mwinshehe akatoka ndani, akalitazama goti.

"Ndiyo umri huo, mke wangu. Kazi hii sasa uiache."

Mwanaharusi akafuta machozi.

"Umri wangu haukufunguliwa kwa spana, Mwinshehe. Zilifunguliwa gia. Nawe ndiye uliyesema sawa."

Asubuhi Mwinshehe akaitoa baiskeli uani kuirudisha kwa fundi. Tulisimama milangoni tukimwangalia, na njia nzima aliikokota, kwa sababu kupanda baiskeli Mwinshehe hajui, hajapata kujua.