Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Somo letu la kwanza la mikrobiolojia, chuoni Homa Bay, lilianza kwa kukatazwa kunawa mikono. Mhadhiri alikuwa mama mnene, mpole, asiyependa kelele, na sisi tulicheka tukidhani anatania. Alitugawia visahani vya plastiki vyenye chakula cha bakteria, kitu laini kama jeli, rangi ya chai ya rangi. Kila mmoja alitakiwa aguse chake kwa kidole, akifunike, akiweke kwenye kabati lenye joto. Tuliporudi darasani kidole changu kilikuwa kimeacha bustani: madoa meupe, ya manjano, na moja la rangi ya chungwa lililong'aa kama tone la mafuta. Kila doa, alisema, ni ukoo mzima uliozaliwa na bakteria mmoja tu, mdogo mno kuonekana kwa macho.

Mchana ule nilisugua mikono kwa sabuni hadi ngozi ikakunjamana. Mhadhiri alinikuta bombani akaniambia kwamba nikitaka kuwaua wote, nitatangulia mimi. Tumboni mwangu, alisema, wamo wanaonisaidia kusaga chakula, na wengine wamekalia nafasi tu ili wabaya wasiipate.

"Wengi wao hawana habari na wewe," aliniambia. "Wachache watakufanya uugue. Wachache wanakufanyia kazi bila mshahara. Wewe umekuja hapa ujue nani ni nani."

Nilipenda kazi hiyo tangu siku ile. Nilisoma kama mtu aliyeambiwa siri za majirani.

Likizo ilipofika nilirudi kwa shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Kwa Dholuo shangazi ni waya, na hata ninapozungumza Kiswahili sijawahi kumwita vingine. Anaishi karibu na Masara, upande huu wa Migori ambako watu huchimba dhahabu kwa sururu na kamba, na kazi yake ni kutengeneza mala, maziwa ya kugandishwa. Wachimbaji ndio wateja wake wakubwa. Wakitoka shimoni, kabla ya kunawa uso, hutaka kikombe cha mala baridi, kwa sababu wanaamini maziwa huteremsha vumbi kifuani. Sina ushahidi wa hilo, ila sijawahi kumwona mmoja akibakiza.

Nilifika nyumbani nikiwa na maarifa mengi kuliko mizigo. Jioni ya kwanza, shangazi akichemsha maziwa, nilimweleza kwamba ile mala ya jana anayoibakiza kidogo na kuiita mbegu ni kundi la bakteria hai. Anapoichanganya na maziwa vuguvugu, bakteria hao hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayoyafanya yagande na kuwa makali. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga.

"Kwa hivyo mimi ni mfugaji wa vidudu," alisema.

"Ndiyo, Waya. Tena mfugaji mzuri."

"Basi nenda ukawaulize wamegoma kwa nini."

Ndipo akaniambia. Kwa muda sasa maziwa yalikuwa yanakataa kuganda. Aliyachemsha kama siku zote, akayapoza mpaka kidole kiweze kuvumilia, akatia mbegu, akafunika ndoo kwa blanketi karibu na jiko. Asubuhi aliyakuta mepesi na matamu vilevile kama alivyoyaacha. Akiyaacha zaidi, hayakuwa mala. Yaliharibika, yakawa na uchungu na utelezi. Wachimbaji walikuwa wameanza kunung'unika. Na mzee mmoja Mwislamu mwenye hoteli mjini Migori, aliyehamia huku kutoka Isiolo zamani, alikuwa amemwagiza mala ya futari, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa imekaribia. Shangazi alimheshimu sana mzee huyo. Alikuwa amemwahidi kwa mdomo wake, na ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima raha.

Mkosaji alikuwa ameshampata. Ng'ambo ya ua aliishi mjane mmoja na watoto wake, mwanamke wa Kisabato, mkimya, ambaye walikuwa wamekaa naye kwa wema kwa muda mrefu. Siku moja mjane huyo aliingia jikoni akakuta mala imeganda vizuri, akaisifu kwamba ni nzito kama uji. Baada ya ziara hiyo maziwa yakaanza kukataa. Kwetu yupo mtu ambaye jicho lake likitua kwenye chakula, chakula huharibika au aliyekila huumwa tumbo. Jicho hilo huitwa sihoho. Shangazi alisema jirani ana sihoho. Hakulisema jikoni peke yake. Alilisema Masara akiwapimia watu mala, akalisema sokoni, akalisema baada ya misa. Kisha akatia kufuli kwenye bomba la tangi lake la maji ya mvua, tangi ambalo watoto wa jirani walizoea kuchota.

Sikubishana naye kuhusu sihoho. Mtu aliyeharibikiwa hataki mhadhara. Nilimwambia tu anipe ndoo zake na moto.

Nilianza na uchafu, kwa kuwa ndio mtuhumiwa wa kwanza wa kila mwanafunzi. Nilichemsha kila kijiko, kila mfuniko, hata blanketi nikalifua na kulianika juani. Asubuhi maziwa yalikuwa maji. Nikasema basi mbegu imechoka. Nilikwenda supamaketi mjini, nikarudi na mala mpya ya pakiti, tukaitia. Asubuhi, maji tena. Shangazi aliyatazama, halafu akatazama upande wa ua wa jirani, nami nikajua anachowaza.

Lakini mimi nilikuwa nimefurahi. Kama vyombo ni safi na mbegu ni nzima, basi tatizo limo ndani ya maziwa yenyewe. Nilikumbuka kisahani kingine cha maabara, kilichojaa bakteria kama ukungu juu ya kioo. Tulikuwa tumeweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa. Kesho yake, kuzunguka kila karatasi, palikuwa na duara tupu, safi kabisa, mahali ambapo hakuna kilichoweza kuota. Maziwa ya shangazi yalikuwa kama duara lile.

Nilimuuliza maziwa yanatoka wapi. Mengine yalitoka kwa mwalimu mstaafu wa pale kijijini, mengine kwa familia moja ng'ambo ya kijito, na mengine kwa ng'ombe wake mwenyewe, yote yakiingia sufuria moja. Jioni ile nilimwomba tusiyachanganye. Tulichemsha ya kila nyumba peke yake, tukajaza glasi tatu, tukatia mbegu ileile, tukazifunika kwa blanketi moja. Shangazi alizipanga mwenyewe na kuweka alama kwa mkaa. Aliweka ya ng'ombe wake katikati, akaifunika vizuri zaidi.

Asubuhi mume wake alikuwa mezani akinywa chai. Ni mzee aliyemaliza ujana wake akitafuta dhahabu Macalder, na tangu aache mashimo, mapenzi yake yote yamehamia kwa ng'ombe yule wa gredi mwenye madoa meusi. Yeye ndiye humkamua, humwogesha, humkatia majani. Shangazi alifunua blanketi. Aliinamisha glasi ya mwalimu, na maziwa hayakusogea. Ya ng'ambo ya kijito, vivyo hivyo. Aliinamisha ile ya katikati, ikamwagika mezani kama maji.

Mzee alisimama akisema anakwenda kumtazama ng'ombe. Shangazi akamwambia kwa Dholuo aketi, naye akaketi.

Akatueleza, taratibu, akitazama kikombe chake. Shangazi alipokuwa ameenda matangani, kiwele kilivimba upande mmoja. Alimwita daktari wa mifugo, ambaye aliingiza dawa kwa bomba dogo kupitia chuchu, akamwonya amwage maziwa mpaka dawa iishe na siku kadhaa zipite. Mzee alimwaga mara moja tu, moyo ukamuuma. Kisha uvimbe ukarudi, akaenda mwenyewe agroveti, duka la dawa za mifugo, akanunua mabomba mengine, akaendelea kumtibu kimya kimya, asije akaambiwa ng'ombe ni mgonjwa auzwe.

"Yalikuwa meupe tu," alisema. "Hayana harufu. Niliona kitu cheupe hivyo hakiwezi kuwa kibaya."

Nilimweleza kwamba dawa iliyowekwa kuua bakteria wa kiwele ilitoka na maziwa ikaingia sufuriani, na humo haikujua kutofautisha. Iliwaua na hawa wa mala. Hata kuchemsha hakukuiondoa. Na watu walioyanywa walikuwa wakinywa dawa ambayo hawakuandikiwa na daktari, jambo linalowafundisha bakteria wabaya kuizoea, mpaka siku mtu akiugua kweli dawa isimsaidie. Mzee aliuliza kama ng'ombe atapona. Nilimwambia amwite tena daktari, si mimi, na asimfiche kitu. Alikubali kwa kichwa, akachukua ndoo ya maziwa ya asubuhi hiyo akaenda kuyamwaga migombani, mwenyewe, bila kuambiwa.

Shangazi hakumgombeza.  Alichukua ufunguo uliokuwa juu ya kabati, akaenda kufungua kufuli la bomba, akanirudia mlangoni.

"Twende," alisema.

Tulimkuta jirani uani akipepeta njugu. Alitukaribisha kwa sauti ya kawaida lakini hakutupa kiti. Shangazi alibaki amesimama.

"Nilisema una sihoho," alisema. "Haikuwa wewe. Ilikuwa ng'ombe wangu na dawa."

Nilitaka kueleza, shangazi akanishika mkono ninyamaze. Jirani aliendelea kupepeta mpaka ungo ukatulia.

"Ulipofunga maji, watoto walichota mtoni," alisema. "Mdogo aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Amepona, Mungu ni mwema. Lakini wewe ulinipita njiani nikiwa nimembeba, na hukuuliza."

 Mto huo nilijua unapopita: chini ya mashimo, chini ya vyoo, chini ya mahali pa kunyweshea mifugo. Mimi niliyekuwa nimeshinda juma zima nikiwasaka bakteria ndani ya ndoo sikuwa nimefikiria hata kidogo kwamba kufuli lile lilikuwa limewapeleka watoto kwa bakteria wa kweli. Shangazi alikuwa ameanza kulia. Jirani hakumfariji, lakini hakumfukuza pia.

Shangazi aliomba msamaha, akauliza afanye nini. Nadhani alitarajia kuambiwa yameisha.

"Ulisema kwa watu," jirani alijibu. "Na haya kayaseme kwa watu."

Ndivyo alivyofanya, na hapo ndipo nilipomheshimu kuliko nilivyowahi. Siku iliyofuata tulibeba mala ya maziwa ya mwalimu na ya ng'ambo ya kijito hadi Masara, nzito na kali kama zamani. Wachimbaji walipopanga foleni, shangazi alimwambia kila mmoja kabla ya kumpa kikombe kwamba alimsingizia jirani yake, na kwamba kosa lilikuwa zizini kwake. Wengine walicheka, wengine walitaka kikombe tu. Mwanamke mmoja anayeuza chapati alisema yeye alikuwa amekwisha kuamini na hajui ataachaje kuamini. Shangazi akanisukuma mbele, nikamweleza habari ya glasi tatu. Sokoni alirudia. Jumapili baada ya misa alirudia, mbele ya akina mama walewale.

Ramadhani ilianza na mala ikafika Migori kila alasiri. Ilikuwa pungufu ya ile aliyoagizwa, kwa kuwa ng'ombe wetu alikuwa bado chini ya daktari, na shangazi alimweleza mwenye hoteli sababu, bila kuficha. Mzee yule alimjibu kwamba heri kidogo kisicho na shaka, akaagiza tena.

Jirani hakurudi jikoni haraka. Watoto wake walianza kuchota tangini siku ileile, ila yeye mwenyewe alipita akisalimia kwa mbali, na shangazi hakumharakisha. Nilirudi chuoni wakiwa bado hivyo. Likizo iliyofuata niliwakuta wameketi mkeka mmoja wakibambua njugu, wakibishana kuhusu siku ya kupumzika, Jumamosi au Jumapili, wala hakuna aliyenieleza ilikuwaje. Sikuuliza.

Sasa nafanya kazi maabara, na wagonjwa wanapotaka niwatajie dawa mbili tatu za kumeza nyumbani bila kupimwa, huwaambia habari ya ng'ombe wetu, nao huelewa upesi kuliko kama ningewachorea ubaoni. Ng'ombe alipona. Mzee sasa ndiye mkali wa kijiji kuhusu dawa za mifugo. Huwauliza watu wazima kama wamemaliza siku zao za kumwaga maziwa. Na jirani, alipouza njugu zake vizuri, alinunua ng'ombe wa kwanza maishani mwake. Maziwa yake huingia kwenye sufuria ya shangazi kila jioni, isipokuwa Ijumaa jioni, jua likishazama na Sabato yake kuanza.