Ndugu Wawili kwenye Njia Isiyo na Magari

Mafuta ya mawese yakianza kupata moto kwenye sufuria, watu wengine hukumbuka sombe, kisamvu cha kwao, na maharage. Mimi nakumbuka mnyororo wa baiskeli. Najua utacheka, na una haki. Baba yangu alipaka mnyororo wa baiskeli yake mawese, yale yale mama aliyoyanunua kwenye duka la Wakongomani kwa ajili ya mboga, na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba duniani kuna mafuta mengine ya kazi hiyo. Soksi zake zote zilikuwa na doa jekundu upande wa kulia. Mbwa wa watu walimpenda mno. Wakimwona tu, walivuta kamba zao waje wamnuse mguu, naye alisimama akiwaombea radhi wenye mbwa kana kwamba kosa ni lake. Nadhani kweli lilikuwa lake.

Tuliishi Rexdale, Kanada, kwenye ghorofa ndefu karibu na barabara ya Kipling. Baba alifanya kazi ya zamu katika ghala moja jirani na uwanja wa ndege, na mama alihudumia wazee majumbani mwao. Mama aliogopa malori ya Kipling kuliko kitu chochote, na alimpiga Baba marufuku kupanda baiskeli barabarani. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi mimi na Baba tuliteremka na lifti, tumebanana na baiskeli mbili na majirani walionuna, tukazikokota kando ya barabara mpaka kwenye bonde la mto Humber. Huko chini kulikuwa na njia ya lami isiyoruhusu gari hata moja. Ukishaingia chini ya miti, Kipling yote inanyamaza, unasikia maji tu, na mara kwa mara ndege iliyoshusha magurudumu ikipita juu ya kichwa.

Lakini hatukwenda kule kwa ajili ya hewa nzuri. Tulikwenda kwa ajili ya Amani.

Amani alikuwa mdogo wake Baba. Walizaliwa Uvira, Kongo, na walikulia kwenye baiskeli moja: Baba akipiga pedali, Amani nyuma kwenye kareria, amemshika kaka yake kiuno. Vita viliwatawanya wakiwa vijana. Mmoja alivuka ziwa akaishia kambini Tanzania, mwingine akapitia Burundi, na walipopatana tena ilikuwa kwa simu, mmoja akiwa Kanada na mwenzake katika mji mdogo wa Ufaransa. Mji ule ulikuwa kwenye bonde la mto, na kando ya mto palikuwa na njia ya baiskeli iliyojengwa mahali palipopita reli zamani. Amani aliisifia njia ile kama mtu anayetafutia mwanawe mchumba. Magari hayaruhusiwi kabisa. Unaweza kuendesha kutwa, unapita mashamba ya mizabibu na ng'ombe weupe, unapita vituo vya treni vilivyogeuzwa kuwa mahali pa kunywa kahawa, na hakuna anayekupigia honi.

Baba alikuwa na haja moja tu katika maisha yake ya ughaibuni, na sisi nyumbani sote tuliijua: kwenda kuendesha baiskeli kwenye njia ile sambamba na mdogo wake, kila mtu na yake. Hawakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Kilichomzuia kilikuwa karatasi za kusafiria, zilizokuwa njiani mwaka baada ya mwaka.

Wakati wakizisubiri, wakabuni mtindo wao. Jumamosi, kwetu ikiwa asubuhi na kwao alasiri, kila mmoja alishuka kwenye mto wake. Simu ya Baba ilikaa kwenye mfuko wa shati, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, ya Amani vivyo hivyo, halafu walianza safari pamoja. Amani alitangulia kwa maneno. Alisema sasa tunaingia kwenye handaki, baridi iko, washa taa. Na Baba, kwenye jua kali la Humber, aliwasha taa. Amani alisema mbele kuna bibi na kikapu. Baba alipiga kengele, na mzee wa watu aliyekuwa akikimbia mbele yetu aliruka pembeni akashangaa. Walizungumza Kiswahili cha Uvira, cha haraka, chenye Kifaransa ndani yake, na kicheko chao kilikuwa kimoja kiasi kwamba sikujua kipi kinatoka mfukoni na kipi kifuani.

Nilikuwa na miaka minane. Niliamini kwamba mito ile miwili ni mto mmoja, na kila kona nilinyoosha shingo nione kama baba mdogo anatokea. Nilimuuliza Baba kwa Kiingereza, maana sisi watoto wa kule tuliambiwa kwa Kiswahili tukajibu kwa Kiingereza, na yeye, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, alinijibu kwamba yuko karibu sana, niendelee kupiga pedali.

Mwaka ule majani yalipoanza kudondoka, Baba alianza kwenda polepole. Nililalamika. Hata wanawake waliosukuma watoto kwenye vigari walitupita. Baba alisema tusimwache mwenzetu. Kwenye simu baba mdogo bado alitaja handaki, mizabibu na ng'ombe, lakini hakuhema tena, na upepo uliokuwa ukivuma nyuma ya sauti yake ulikuwa umekoma. Wakati mwingine alinyamaza katikati ya sentensi, na Baba naye aliweka mguu chini akasubiri. Kisha alimuuliza taratibu, unaona nini sasa? Baba mdogo akaona daraja. Kwa akili yangu ya kitoto niliona amekuwa mvivu. Kumbe alikuwa kitandani hospitali, akiipita njia ile kwa kichwa, na Baba alijua tangu mwanzo. Sijui niseme nini juu ya wanaume wawili watu wazima waliodanganyana hivyo wiki baada ya wiki, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anajua.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo mama alitufuata. Mama hakuwahi kushuka kwenye bonde lile. Alivaa kitenge juu ya koti la baridi na kufunga kilemba, nami nikafurahi, nikadhani tunakwenda kula chakula nje. Tulipofika kwenye njia nilipanda baiskeli yangu, lakini Baba hakupanda ya kwake.

"Shuka, mama," aliniambia. "Leo tunatembea."

Basi tukatembea, Baba akisukuma baiskeli, mimi nikisukuma yangu, mama nyuma. Nilidhani pancha, nikazikagua tairi zote, zilikuwa na upepo. Simu ilikuwa mfukoni kama kawaida, na humo zilisikika nyayo nyingi zikikanyaga kokoto, na watu wachache wakiimba pambio la Kiswahili kwa sauti ya chini. Nikafikiri baba mdogo leo amekuja na rafiki zake, nikaona wivu kidogo. Nikasogea kifuani kwa Baba nikauliza kwa nguvu, baba mdogo, umefika wapi?

Kule nyimbo zilikatika. Nyayo ziliendelea. Baba alitazama mbele tu. Aliyejibu alikuwa tantine Bea, mke wa baba mdogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua.

"Tuko karibu kufika, Neema."

Tulipofika mahali ambapo njia inausogelea mto, Baba alisimama, akavua kofia yake ya baiskeli. Kwenye simu mchungaji alisema maneno, halafu kukaja sauti ya vitu vidogo vikidondoka juu ya mbao. Baba aliinama, akachota udongo ukingoni mwa lami, akauachia kwenye majani. Mama akafanya vilevile. Mimi nikaona ni mchezo mpya, nikachota viganja viwili nikarusha mbali kadiri nilivyoweza, nikacheka. Hakuna aliyenikataza.

Siku nyingi baadaye waliniambia kwamba baba mdogo amefariki, nikalia kama watoto wanavyolia, kisha nikaomba maziwa. Sikuunganisha habari ile na matembezi yetu. Nilikuwa msichana mkubwa mama aliponieleza kwamba kwao Uvira mwendesha baiskeli akikutana na msafara wa maziko hushuka, akaikokota baiskeli mpaka marehemu apite, na kwamba makaburi ya mji ule wa Ufaransa yako kando ya njia ile ile, na Amani mwenyewe aliomba abebwe kwa miguu pale pasipopita magari. Baba hakuwa na karatasi za kumfikisha. Alimsindikiza kutoka Humber.

Nilipata ujasiri wa kumuuliza Baba mwaka jana tu, magoti yake yakiwa hayataki tena baiskeli. Nilimuuliza kwa Kiswahili, nikitafuta maneno, kwa nini hakuniambia asubuhi ile kwamba tunamzika baba mdogo.

"Mu nyumba yote," alisema, "wewe tu ndio ulikuwa bado unamuona mzima. Mimi na mama yako tulishamupoteza. Nilitaka abakie mzima kwa mutu mumoja, hata siku kidogo."

Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani walinificha kwa sababu nilikuwa mdogo. Kumbe asubuhi ile, nilipopaza sauti kuuliza baba mdogo amefika wapi, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho duniani kumwita nikitegemea ataitika, na Baba alitembea njia nzima akiomba nisiache.