Kilele Kisichokuwa Changu

Niliharakisha kumpigia baba simu. Krismasi ilikuwa inakaribia, nami nilikuwa bado chuoni Ulaya, nilipoona kilele kidogo kwenye grafu ya miale ya gama, mahali ambapo hakuna aliyewahi kukiripoti. Tulikuwa tunachunguza kiini cha atomu chenye protoni nyingi kupita kawaida. Kiini hicho hakidumu. Ukikitengeneza kwa kugonganisha viini vingine, kinazaliwa na nishati ya ziada, kisha kinaitoa kwa kurusha miale. Kila kiini kina miale yake, kama mtu na sauti yake. Niliamini nimesikia sauti mpya.

Baba aliuliza swali moja tu: wazungu walikuwa hawakijui? Nikamjibu kwamba walikuwa hawakijui.

Niliporudi likizo na kushuka basi Himo, chini ya Kilimanjaro, bodaboda aliyenipandisha nyumbani alishapata habari. Mama alikuwa ametenga mbuzi wa kuchinja. Baba alishaongea na mchungaji: Jumapili familia yetu ingetoa shukrani, nami ningesimama niwaeleze washarika.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kihambani, shamba letu linalozunguka nyumba, katikati ya migomba, nikimkatia ng'ombe majani. Msimamizi wangu wa utafiti akapiga simu. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Walikuwa wamechambua upya vipimo vyetu. Kilele changu kilikuwa cha kiini jirani, kinachojulikana siku nyingi, kilichozaliwa kwa wingi kwenye migongano ileile. Sikuwa nimekichuja vizuri.

Nilimkuta baba anaosha ndoo ya maziwa.

"Kwa hiyo hakuna kitu?" aliuliza nilipomaliza.

"Kipo, baba. Ila si kipya, na si kile nilichokutangazia."

Aliendelea kusugua ndoo ambayo ilishatakata. "Sasa mchungaji nimwambie nini? Ameshaiweka shukrani yetu kwenye matangazo."

Afadhali angenikaripia.

"Nitasema mwenyewe," nikamwambia.

Kesho yake nilisimama mbele ya madhabahu. Nilisema nilidhani nimegundua miale mipya ya kiini chenye protoni nyingi, kumbe nimekosea, na wenzangu wamenisahihisha. Vigelegele vikalipuka kanisa zima. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa ugunduzi wa binti yetu. Nikafungua mdomo nirekebishe, kwaya ikaanza kuimba. Baba, kwenye benchi la mbele, alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye alikuwa ameelewa.

Nje, kwenye mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, shangazi alinunua mkungu wa ndizi, akanitwika kichwani.

"Za kwako hizi, kwa kazi uliyoifanya."

"Shangazi, si nimesema nilikosea? Hukunisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu. Protoni. Beba ndizi."

Nikabeba. Uso ulikuwa unaniwaka. Baba alishatangulia kupandisha kilima bila kutungoja, na watu walipomsimamisha kumpa mkono wa pongezi, aliupokea haraka na kuendelea na safari. Nilimfuata kwa mbali hadi nyumbani, na siku nzima hatukusemezana.

Usiku, mama alipokuwa anapakua machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, baba alinisogezea kigoda karibu na meko. Akaniuliza kama kule ninakosoma baridi ni kali. Nikamwambia ni kali. Akaitikia kwa kichwa, akaninyooshea bakuli langu.