Kidole cha Nyongeza

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu tisini na mbili. Mara ya kwanza nilihesabu nikapata themanini na saba. Nikarudia, nikakumbuka nauli ya maboksi. Na hapo sijamtia mdogo wangu wa mwisho, maana hadi leo sijui nimhesabu kwamba amepotea au amepatikana.

Mimi nauza vitambaa Jinja mjini, chini ya moja ya zile nyumba za zamani za Wahindi zenye nguzo mbele. Mdogo wangu ana duka la dawa Mbale, mtaa wa Malukhu. Alikwenda huko peke yake kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na mama yetu hakulipenda jambo hilo hata siku moja.

"Kwani Jinja watu hawaugui?" aliuliza.

"Wanaugua, mama, lakini maduka ya dawa yamejaa."

"Basi angengoja waugue zaidi."

Jioni, wakati wa kufunga duka, mdogo wangu alikuwa ananipigia simu. Siku moja akaniambia, "Dada, huku watu wananijua kwa magonjwa yao tu." Nilidhani ni kudeka kwa mtoto wa mwisho, kumbe lilikuwa neno zito. Mtu akishanunua kwako dawa ya fangasi, hataki kukuona tena barabarani. Akikuona, anakumbuka unachokijua. Anavuka upande wa pili. Mtaa mzima, alisema, ulikuwa unavuka. Alipanga kwamba Idi ikimkuta bado anakula peke yake, atafunga duka arudi nyumbani. Mama alipozipata habari hizo akaanza kuanika godoro la mwanawe juani.

Kilichokuwa kinamshikilia Mbale ni mchezo. Aliujua tangu chuoni. Watu wanakaa mezani; mmoja anasimulia nchi na hatari zake, na wengine kila mmoja ana mtu wake mdogo wa kumwongoza. Ukitaka mtu wako aruke korongo, unarusha dadu, nalo dadu linaamua kama ameruka au ameanguka. Jumapili mchana alikuwa amepata watu watatu wa kucheza naye: mwalimu mmoja wa kike wa hesabu, mwendesha boda, na jirani mchoma chapati. Walikuja mara mbili. Nchi yenyewe ilichorwa kwa chaki sakafuni. Mara ya tatu mwendesha boda alimwambia mpira umeanza, na kwamba, bwana, hii mlima yako ni mstari tu.

"Wakija mara moja tena wakakuta chaki, hawarudi," mdogo wangu aliniambia. "Nimewaahidi nchi ya kweli. Siku ya pili ya Idi."

Nchi ya kweli ilikuwa hivi: vipande ishirini na vinne vya mraba, vya kushika mkononi, vyenye milima, mito na nyumba zilizosimama juu yake. Kila njia na kila mto lazima viguse ukingo wa kipande katikati kabisa. Hapo kipande chochote kinaungana na chochote. Leo ziwa liko kaskazini, Jumapili ijayo umeligeuza liko mashariki, na wachezaji hawajui watokako wala waendako. Yeye angetengeneza nusu ya milima na mapango. Mimi nitengeneze nusu ya maji na mji.

"Inchi sita kwa inchi sita, dada. Kamili."

"Nimeuza vitambaa tangu hujaota meno. Nitashindwa na inchi?"

Vipande vinachongwa kwa lile povu jeupe gumu linalolinda friji ndani ya boksi. Nikaenda kwenye duka la vyombo vya umeme, mitaa miwili kutoka kwangu. Mlinzi wa stoo alikuwa ameyapanga yale mapovu ukutani kama mali.

"Hiyo si ya kuuza, nyabo," akasema kwa Kiganda, akiniita bibi.

"Wewe unaifanyia nini?"

"Nachoma."

"Kwa hiyo nakuja kukuokoa na moshi. Nilipe ngapi kwa kazi hiyo?"

Akacheka, akataja elfu kumi. Nikabadilisha lugha. Kwetu Kiswahili ni cha nyumbani; wazee wa wazee wetu walikuja na jeshi kutoka Sudani, na hapa kwetu ukikisema kwa sauti ya juu watu bado wanasikia kambi ya askari. "Wewe! Lete hapa hizo zote!" nikamwambia. Alisimama wima kabla hajajua amesimama kwa nini. "Ndiyo, afande." Tulimaliza kwa elfu tatu, na akanibebea mpaka dukani. Nikampa kipande cha kitambaa cha kutengenezea leso, nusu kwa shukrani, nusu ili asije akakumbuka kwamba mimi si afande.

Nilifanyia kazi uani kwa mama. Kisu kinapashwa moto juu ya sigiri ya makaa, povu linakatika kama siagi na kunuka kama dhambi. Kipande cha kwanza nilikibandika kwa gundi ya viatu. Gundi ikakitafuna mbele ya macho yangu mpaka likabaki shimo. Nikahamia gundi nyeupe ya maseremala. Mchanga wa ufukweni nilikwenda kuuchota Wanyange, na huko mama mmoja muuza samaki akataka kujua mchanga huo ni wa kujenga nini, kikopo kimoja. Nikamwambia ni mji mzima. Akaniombea.

Maduka ya Jinja niliyatengeneza kwa makaratasi ya boksi. Ukilibandua boksi karatasi ya juu, ndani una bati tayari, lina migongo yake, halina kutu. Nguzo zilikuwa vijiti vya mishikaki. Kwa udongo nilihitaji kitu cha kahawia kilicho laini, na mama, aliyekuwa akinitazama siku nzima akisema kwamba mtu mzima anachezea takataka, aliingia ndani akatoka na sinia la majani ya chai aliyokwisha kuyachuja na kuyakausha.

"Haya hayaozi," akasema. "Lakini usinimalizie sukari."

Sikuelewa sukari imeingiaje. Kuanzia siku hiyo alikuwa anakunywa chai mara mbili ya kawaida. Udongo wote wa nchi ile ulipita kwanza kwenye kikombe chake.

"Huo mchezo," akauliza siku moja, akipepeta majani, "nani anashinda?"

"Hakuna anayeshinda, mama. Wote wako upande mmoja."

"Sasa unaisha vipi?"

Nilikuwa na kisu cha moto mkononi, na yeye alikuwa na lile sinia magotini, na nyuma yake godoro lilikuwa juani. "Utaisha tu," nikasema.

"Ukiisha, atarudi?"

"Ukiisha, atarudi."

Akaendelea kupepeta.

Siku ya pili ya Idi nikaondoka alfajiri na maboksi mawili. Kondakta wa teksi, haya mabasi madogo ya kwetu, alitaka kuyatoza kama abiria. Nikamuuliza kama yatashuka Iganga kununua ndizi za kuchoma. Alinipunguzia, lakini si sana, na ndiyo zile elfu tano nilizozisahau.

Mdogo wangu alikuwa amekonda. Alikuwa amesogeza kabati la dawa, akaweka meza, na juu ya meza fremu ya mbao aliyotengenezewa na seremala jirani, nafasi ya vipande sita kwa vinne. Nusu yake ilikuwa imekwisha kukaa ndani: milima ya kijivu, mapango meusi, maporomoko ya maji yanayong'aa kwa vanishi. Hakuna kilichocheza. Ungeipindua fremu, milima ingebaki imeshikana.

Tukaanza kupanga nusu yangu. Cha kwanza, cha pili. Cha tatu kikaingia kwa kubanwa. Cha nne tulikigonga kwa kiganja. Cha tano kilipokaa, niliona nafasi iliyobaki na moyo wangu ukaelewa kabla ya kichwa. Cha sita kilibaki juu ya ukingo wa fremu, na mto wangu uliotakiwa kukutana na maporomoko yake uliishia kwenye jiwe.

Mdogo wangu akachukua rula. Akapima kipande, akapima kingine. "Inchi sita," akasema polepole, "na kidogo."

"Haiwezekani. Nilipima kila kimoja mara mbili."

"Pima tena hapa, dada. Nione."

Nikaweka rula juu ya povu, nikaweka kidole gumba kwenye sita, na mbele ya macho yetu wote wawili kidole changu kikasogea. Upana wa ukucha, basi. Hakikuniuliza. Ndivyo ninavyopima kitambaa: mteja akitaka mita tatu, unafika tatu, halafu kidole kinateleza mbele kidogo, na kile kidogo ndicho nyongeza. Usipompa nyongeza hatarudi kwako. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi. Kupima mara mbili hakusaidii ikiwa mkono ni uleule.

"Umeipa nyongeza nchi," mdogo wangu akasema.

Hakucheka. Yeye hajawahi kumpa mtu nyongeza. Ukizidisha kidonge kimoja unaua. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akatazama saa. Wenzake walikuwa wafike baada ya sala ya adhuhuri. Nilimwona anavyolitazama lile kabati kama mtu anayepiga hesabu ya kulifungasha, na nakiri kwamba kitu fulani ndani yangu kilianza kumtafutia nafasi kwenye teksi ya kurudi.

Wakaingia wote watatu pamoja, kwa aibu, kama watu wanaoingia duka la dawa. Mwendesha boda akaizunguka meza. Akagusa bati la maboksi. Akachungulia chini ya nguzo.

"Hajati, hii ni Jinja!"

"Mimi si Hajati. Maka nitafikaje, hata Kenya sijafika."

"Lakini hii mto inaenda wapi?" Akafuata kwa kidole mpaka kwenye jiwe. "Imegonga ukuta."

Mdogo wangu akawaeleza. Akaeleza kama anavyoeleza matumizi ya dawa, kwa sauti ya chini, akitazama mikono yake. Akasema poleni, leo haitawezekana.

Mwalimu akakinyanyua kipande cha sita, akakigeuza. "Kinachozidi ni pembeni tu," akasema. "Kumbe tumeitwa kunyoa. Viwembe vipo?"

Duka la dawa halikosi viwembe. Mdogo wangu akavuta droo, akatoa vinne, akavihesabu mezani: mwalimu, boda, chapati, na mimi. Mkono wake ukabaki kwenye droo. Kisha akachomoa cha tano, akakiweka mbele yake mwenyewe, akavuta kiti.

Tulinyoa mchana kutwa. Chembe nyeupe zilitujaa nywele na ndevu. Mchoma chapati, ambaye hana maneno mengi, ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko sisi wote. Alikuwa anavuta wembe mara moja na ukingo unatoka umenyooka kama unga uliokatwa. Kazi ya mikono inafungua midomo. Mwendesha boda akapuliza chembe, akasema bila kumtazama mtu: "Huyu daktari alinipa dawa ya minyoo. Yaani minyoo, mimi, mtu mzima."

Mdogo wangu akaganda na wembe hewani.

"Dawa ilifanya kazi?" mwalimu akauliza.

"Ilifanya, walahi. Ilinikimbiza usiku kucha."

"Mimi alinipa ya vidonda vya tumbo," mwalimu akasema. "Halafu akanikataza pilipili. Ndiyo maana nilikuwa navuka barabara. Mkononi nilikuwa na pilipili."

Mchoma chapati akainua kidole kimoja, kama mwanafunzi. "Fangasi," akasema.

Nilicheka mpaka nikakata kona ya ziwa. Mdogo wangu alicheka zaidi yangu, kicheko chake cha utotoni kinachoishia kwa kikohozi, na niliposikia kile kikohozi nikajua nimeshindwa bei. Hakuna biashara tena. Wale watu hawatavuka barabara.

Kipande cha sita kilikaa alasiri. Mto ukaingia kwenye maporomoko bila hata ufa. Walicheza kidogo tu kabla ya magharibi. Mwendesha boda akarusha dadu, mtu wake akaanguka kutoka kwenye veranda yangu ya kwanza, wakakubaliana kumwokoa Jumapili. Vile vikanda tulivyonyoa mdogo wangu hakuvitupa. Alivikusanya kwenye boksi la dawa ya kikohozi, akasema vitafaa kuwa ngazi.

Alinisindikiza mpaka kwenye teksi.

"Idi ijayo nakuja, dada."

"Kukaa?"

"Kusalimia." Akanipa mfuko wa dawa ya presha ya mama. Nyumbani nilivihesabu vidonge, mara mbili. Vilikuwa vya siku thelathini kamili. Kazini hajabadilika.

Sasa Jumapili nyingi zimepita. Wamekuwa sita mezani, na ameniagiza vipande vingine kumi na viwili, bila kidole. Mtu aliyeanguka ameokolewa, ameoa, anadaiwa ushuru. Mama bado anakausha majani ya chai. Kila Jumapili jioni ananiuliza umefika wapi ule mchezo, nami namwambia unaendelea, naye anasema haya, na kesho yake asubuhi godoro liko juani.

Kwa hiyo nauliza, kwako wewe uliyewahi kukaa kwenye meza kama ile: hii michezo huwa inaisha? Kama inaisha, nitajie muda, hata wa kukadiria, nipate cha kumwambia. Na kama haiishi, nishauri ni nani kati yetu aliingize lile godoro ndani.