Spika na Filamu ya Mateka

Mume wangu mtaa mzima unamwita Spika. Kazi yake ni kukaa kando ya televisheni kwenye banda letu la video, maikrofoni mdomoni, akiwatafsiria watu filamu za kigeni kwa Kiswahili. Mzungu akikohoa, naye anakohoa. Mimi nakaa mlangoni nakata tiketi, na kusema kweli mwanaume huyu amenichosha.

Kisa ni filamu moja ya zamani ya vita. Askari mateka, mmoja wao kijana mfupi, wanachimba handaki chini ya kambi wapate kutoroka. Diski yetu ilikuwa na mikwaruzo. Ikifika pale wanapotokea nje ya uzio, inaganda. Mwingine angeomba radhi. Spika anazima televisheni, anamalizia kwa mdomo: wamevuka mto, wamepanda treni, wote wamefika kwa mama zao. Watu wanapiga makofi! Mwisho wenyewe hajawahi kuuona.

Haya, uongo wa burudani. Lakini jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani, mwanawe wa kiume alitekwa vitani na hajulikani alipo. Mama wa watu hakosi filamu hiyo. Binti yake kaja mara kibao kumchukua akakae naye, maana macho yamechoka na anaishi peke yake. Hataki. "Kaka yako akirudi akute mlango umefungwa?" anamjibu. "Wale mateka wa filamu si walifika?"

Nilimwambia Spika weee, mpaka mate yakanikauka. "Mwambie ukweli huyo mama!"

"Ukweli gani? Kwani mimi naujua?"

Jamani! Nikaitafuta diski nzima mwenyewe, nikautazama mwisho wake. Nikaiweka siku binti alipokuja kutazama na mama yake, wala sikumwambia mtu. Nilitaka yule mama aone, alie, afunge mizigo, yaishe.

Safari hii haikuganda. Mateka wakatokea nje ya uzio, wakakamatwa msituni, wakapangwa mstari, bunduki zikalia. Spika akaishusha maikrofoni yake. Binti akamgusa mama yake begani. "Umeona, mama? Twende nyumbani kwangu."

Fundi hakulia. Alisogea hadi kwenye kioo cha televisheni, pua karibu ikiguse. "Hebu rudisha nyuma," akaniambia. Nikarudisha, nikasimamisha picha. Akawaangalia wale wa kwenye mstari mmoja mmoja, taratibu, kama anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Yule kijana mfupi hayumo," akasema. "Yeye yuko wapi?"

Kweli, hakuwemo. Binti alinikazia macho. Spika naye, eti leo ananiangalia mimi! Nilikuwa na hasira za kutosha kumwambia mtu yeyote chochote, na jibu nilikuwa nimeliandaa tangu asubuhi: mama, hii ni filamu tu, nenda na mwanao. Lakini yule mama alikuwa amenigeukia, anangoja.

"Yuko njiani, mama," nikasema.

Binti akachukua mkoba wake, akatoka peke yake.