Koili Nne Ndani ya Debe

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Baba alinitoa nikachunge ngamia, ukame ukaja ukawamaliza, nikapanda lori nikawa utingo. Mengine yote nilijifunza chini ya injini, mgongo ukiwa kwenye mchanga wa moto. Sijawahi kuwa injinia na sitajifanya. Lakini nitasema na hili: kwa mambo ya moto wa plagi, hapa Garissa hakuna fundi aliyenishinda. Walioleta kwangu lori lililokufa waliondoka wanaendesha.

Basi ndiyo maana hili jambo linaniuma. Ningekuwa fundi mbaya, ningesema sikujua.

Rafiki yangu alikuwa daktari wa mifugo wa serikali. Tulikuwa majirani mtaa wa Galbet tangu wote tukiwa na nywele nyeusi. Kazi yake ilimpitisha kila kijiji cha wafugaji kuanzia hapa mpaka Kotile, na miaka yote hiyo alikuwa akila vumbi barabarani, akifika mifugo imeshahama. Alipostaafu akasema anataka kuona malisho kutoka juu kabla hajafa. Watu walicheka. Yeye akanunua michoro, akaagiza mabomba na bati, akaanza kuunda ndege nyuma ya nyumba yake, pale ambapo zamani alifunga mbuzi wagonjwa. Viti viwili, injini moja.

Injini ilitoka Mombasa ndani ya kreti. Ilitolewa kwenye gari la Kijapani la mashindano lililogongwa. Aliponiita niione, nilizunguka mara mbili nikitafuta mahali pa pistoni.

"Haina pistoni," akaniambia. "Ndani kuna vyuma viwili vya pembe tatu. Vinazunguka tu."

"Vinazunguka kama nini?"

"Kama wewe unavyoizunguka sasa hivi. Ni nyepesi, ina nguvu, haitetemi. Kilichobaki ni fundi wa kuifungia umeme."

Kila chuma cha pembe tatu kina plagi mbili. Plagi nne, koili nne. Koili, kwa asiyejua, ni kile kidude kinachochukua umeme mdogo wa betri na kuufanya mkali, uweze kuruka kwenye plagi. Kazi hiyo inakitia joto. Kwenye lori haisumbui sana, maana lori linapanda, linashuka, linasimama kwa polisi, dereva anakunywa chai. Koili inapumzika. Ndege haisimami kwa polisi. Halafu hii injini ya kuzunguka, kila shafti inapofanya mzunguko mmoja, plagi inawasha. Pistoni ya lori hungoja mizunguko miwili. Kwa hiyo koili zake zinapigishwa kazi mara mbili, tena bila mapumziko.

Hayo yote daktari aliniambia. Nataka ijulikane hivyo. Aliyasoma kwenye mtandao, kwa watu wa nchi za mbali wanaounda ndege kama hiyo, akaja nayo ameyaandika kwenye karatasi. Alitaka koili zikae ndani, upande wa miguu yake, nyuma ya ule ukuta wa bati unaotenga injini na rubani, na bomba la hewa lizipulizie.

Nikamwambia, "Daktari, hewa ya hapa ni vumbi. Unataka kuzipulizia vumbi?"

"Tutaweka chujio."

"Na nyaya ziwe ndefu, zipite kwenye bati, zichubuke. Wewe umesomea tumbo la ngamia. Hii niachie mimi."

"Nimesomea ngamia, ndiyo. Na ngamia nikimfunga pua anakufa."

Tulicheka. Lakini nilifanya nilivyotaka. Mimi niliishi kwa kupigana na vumbi. Kila kitu kilichokufa mikononi mwangu, vumbi lilikiua: jenereta, pampu za maji za mtoni, stata za lori. Fundi wa hapa akiona tundu, mkono wake unakwenda wenyewe kuliziba. Nikachukua debe la mafuta ya kupikia, nikalikata, nikaunda sanduku. Koili zote nne nikazipanga ndani, nikaziba pembeni kwa mpira wa tyubu, nikalifunga juu ya injini, chini ya boneti, karibu na ekzosi. Nyaya zikawa fupi kama kidole. Ilikuwa kazi safi. Nilimwita aione, akapapasa mpira, akasema, "Hata mdudu chungu hapiti." Nikafurahi.

Tulipoiwasha mara ya kwanza uani, ilinguruma vizuri kama dakika ishirini. Kisha ikaanza kukohoa. Daktari alikuwa kwenye kiti akitazama saa zake za mafuta. Mimi nilikuwa mbele. Nikampa ishara aizime, nikagusa debe, likaniunguza vidole.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilijua. Mtu aliyeshika koili miaka yote ile hahitaji kipimo. Lakini nilikuwa nimemkatalia mbele ya karatasi yake, nikamtania na ngamia wake, na majirani walikuwa wamesimama ukutani wakitazama. Nikasema, "Mafuta yana maji. Nitayachuja."

Siku ya pili nilifanya wanachofanya madereva wote wa njia ya Mandera. Koili ikichemka, unailoweshea kipande cha gunia, unakifunga juu yake, unaendelea na safari. Kikikauka unamwagia tena. Hiyo mbinu imefikisha unga na sukari mahali pengi. Nikafunga gunia lenye maji juu ya debe. Injini ikaenda saa nzima bila kukohoa.

"Hilo gunia ni la nini?" daktari akauliza.

"Vumbi."

Akaniamini. Kwa nini asingeniamini? Mkaguzi wa ndege alipokuja kutoka Nairobi, nilifika mapema nikalimwagia maji. Akaikagua siku nzima, bawa kwa bawa, akasikiliza injini, akaandika. Yeye alikagua alichoonyeshwa.

Ila ndege haiwezi kuruka na gunia karibu na ekzosi. Likikauka linashika moto, na huko juu hakuna utingo wa kulimwagia maji. Siku aliyoruka mara ya kwanza nililitoa. Nikajiambia juu kuna upepo, upepo utapoza. Nilijiambia hivyo na huku nilikuwa nimeziba kila tundu kwa mikono yangu.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda sawa. Aliruka baada ya sala ya alfajiri, hewa ikiwa bado baridi, akauzunguka mto, akarudi kabla jua halijakasirika. Alikuwa akishuka anacheka peke yake, mzee mzima. Mimi nikaanza kuamini uongo wangu.

Kisha akaenda Kotile. Alitua vizuri kwenye uwazi nje ya kijiji. Wafugaji aliowatibia mifugo maisha yake yote wakamzunguka, wakampa chai ya maziwa ya ngamia, na mtu hakatai chai Kotile. Akakaa. Ndege ikakaa juani, boneti imefungwa, injini bado ya moto, na debe langu juu yake likipika kilichokuwa ndani. Injini ikisimama ndipo joto linapopanda, maana hakuna maji yanayozunguka wala hewa inayopita. Adhuhuri akaaga, akaiwasha, ikawaka, akaruka. Ilikuwa haijafika mbali, juu ya vichaka vya miba, ilipokohoa, ikawaka kidogo, ikakohoa, ikanyamaza.

Alivunjika mkono wa kushoto na mfupa wa bega. Mungu alimbakisha. Wale waliompa chai ndio waliomtoa kwenye miba. Mimi nilifika na Land Cruiser, nikamkuta amelazwa kwenye mkeka kivulini. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Fundi, nisamehe. Nimeharibu kazi yako."

Nikamwambia anyamaze, apumzike.

Tulirudisha ndege kwa lori. Siku ya tatu akaja uani, mkono kwenye plasta, akataka tuiwashe injini bila pangaboi ya mbele iliyovunjika, kidogo tu, tusikie. Koili iliyokufa kwa joto ina tabia moja mbaya: ikipoa inafufuka. Ikawaka papo hapo, ikanguruma kama mpya. Nilitamani isiwake. Daktari alisimama akisikiliza mpaka nikaizima.

"Basi ni mimi," akasema. "Nadhani goti langu liligusa koki ya mafuta nikaifunga. Au nilivuta wenzo ambao sikupaswa kuvuta. Sikumbuki, wallahi. Mkono umesahau."

Nikamjibu, "Hiyo ni qadar ya Mungu."

Neno la kweli, na nililitumia kama turubai, kufunika mzigo wa wizi.

Alipoondoka nilifungua debe. Koili mbili zilikuwa zimepasuka ubavuni, zimetoa kitu cheusi kama lami. Nikazibadilisha kwa zile za akiba alizonunua mwenyewe, nikaziba tena kwa mpira uleule. Za kupasuka nikazitupa kwenye shimo la choo. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Ndege ilinyooshwa, ikapakwa rangi. Yeye hakuiruka tena. Miaka minne ilikaa chini ya turubai. Nilimwuliza mara moja tu kwa nini. Akasema mkono uliosahau mara moja utasahau tena, na safari nyingine ndege inaweza kuangukia watoto wa watu. Alianza kujitilia shaka hata barabarani. Yeye aliyekuwa akiendesha mpaka Wajir peke yake, sasa anasimama kwenye kila kona. Mambo ya nyumbani kwake aliuliza mara mbili mbili: mlango nimefunga? jiko nimezima? Mke wake aliwahi kuniambia, "Shemeji, ile ndege ilivunja mkono, lakini kitu kingine kilivunjika zaidi." Nilikunywa chai yake nikaenda zangu.

Mwaka huu alipata mnunuzi, mama mmoja mwenye shamba huko Nanyuki, rubani wa siku nyingi. Alikuja amevaa buti, akaingia chini ya bawa bila kuogopa uchafu. Nilimpenda hapo hapo. Mimi niliitwa niwepo, kwa kuwa ni kazi yangu. Mama akauliza habari za ajali.

Daktari akasema, "Mashine haina tatizo. Mwenye makosa nilikuwa mimi. Fundi huyu hapa, muulize. Hata waya mmoja hakuukosea."

Mama akanigeukia. Alikuwa anangoja niseme ndiyo, apande aondoke nayo, juu ya milima, na debe langu mbele yake.

Nikasema, "Si yeye. Ni mimi."

Nikafungua boneti, nikachana mpira kwa kisu, nikawaonyesha. Nikasema yote: vidole vilivyoungua, gunia, mkaguzi, koili mbili za lami. Sikupamba. Yule mama alisikiliza, kisha akasema taratibu kwamba angependa kunyoosha miguu nje, akatoka. Mwenye adabu.

Daktari alikuwa ameshika bawa.

"Gunia lilikuwa na maji siku ile ya mkaguzi?"

"Lilikuwa na maji."

"Na nilipokwenda Kotile?"

"Nilikuwa nimelitoa."

"Nilipouliza ukasema vumbi."

"Nilisema vumbi."

Akavuta pumzi. "Mimi nimekaa miaka minne nikiutazama mkono huu kama mkono wa adui."

"Najua."

"Hapana. Hujui. Ungejua ungesema." Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Daktari wa macho alinikataza kuruka mwaka jana. Hata ukinipa ndege mpya leo, siruki. Ile miaka minne ndiyo ilikuwa yangu."

Nilisema ninaomba msamaha, akasema amesikia. Akaingia nyumbani.

Ndege aliiuza. Mama alikubali kwa sharti kwamba koili zihamishwe kwanza, nami nikazihamisha mwenyewe: ndani, nyuma ya ukuta wa bati, upande wa miguu, na bomba la hewa lenye chujio, sawasawa na ile karatasi. Nyaya nilizipitisha kwenye mpira zisichubuke. Kazi ya siku mbili. Tuliiwasha juani, saa saba mchana, tukaiacha ingurume, tukaizima, tukangoja, tukaiwasha tena. Mama alikuwa na kile kipimo cha joto cha kuelekeza kama bastola. Joto halikufika hata nusu ya lile la kuunguza vidole. Lilikuwa jambo rahisi kiasi cha kuniaibisha. Daktari hakutoka kutazama. Pazia la dirisha lake lilisogea mara moja, labda upepo.

Sasa tukikutana msikitini ananipa salamu kamili, na mimi namjibu kamili. Mtoto wangu alipooa, daktari alikuja, akala, akaomba dua. Hajawahi kunitukana wala kumwambia mtu. Ninayesema ni mimi, na nimeshawaambia mafundi wote wa gereji yangu, wajue ni kwa nini sitaki mtu azibe kitu bila kuuliza kinapumulia wapi.

Lakini gari lake analipeleka kwa fundi mwingine, kule upande wa soko la mifugo. Huyo fundi ni mbaya. Nalisikia likipita mbele ya gereji yangu, plagi moja haiwaki, na najua ni ipi.